Nigombee uongozi wa chama cha wanafunzi wa uhandisi, au nibaki na vitabu?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa pili, hapa Mbeya. Uchaguzi wa chama chetu cha wanafunzi wa uhandisi ni mwezi ujao na wenzangu wananisukuma nigombee uenyekiti. Baba mdogo, ambaye ndiye anayeniongezea ada, amesema uongozi wa chuoni ni siasa tupu, utanirudisha nyuma. Yeye anataka kuona matokeo. GPA yangu ni 3.6. Naomba uniambie ukweli: mwanafunzi anapata nini hasa akiongoza chama kama hiki? Na je, kinachopatikana kinalingana na muda utakaopotea?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Gombea. Ila mwaka huu uache uenyekiti. Gombea uweka hazina, au kama katiba ya chama chenu ina nafasi ya mratibu wa miradi na ziara, chukua hiyo. Uenyekiti uje mwaka wa tatu, ukishajua chama kinaendeshwaje na nani hasa ndiye anayefanya kazi. Mwaka wa nne usishike cheo chochote. Sababu zangu nitazieleza moja moja, na nitaanza na baba mdogo, kwa sababu ana hoja.

Cheo chenyewe hakina faida. Nimewaona viongozi wa vyama vya wanafunzi waliomaliza mwaka wao wakiwa na fulana yenye jina la cheo, picha na mgeni rasmi, na basi. Ukiomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira unaanza na usaili wa mchujo wa kuandika, na karatasi ile inapima unachokijua. Haijali ulikuwa nani chuoni. Mwajiri binafsi naye akisoma "Mwenyekiti" kwenye wasifu wako atapita kwenda mstari unaofuata. Tofauti inajitokeza mbele ya jopo, pale wanapokuambia ueleze kazi moja uliyoisimamia tangu mwanzo hadi mwisho: iligharimu kiasi gani, nini kilikwama, ulifanya nini. Aliyebeba kazi anaongea. Aliyebeba cheo anaanza kusema "sisi kama uongozi tulihakikisha".

Kwa hiyo swali la baba mdogo tulilete hivi: ndani ya chama kuna kazi gani ambayo darasa haliwezi kukupa?

Darasani tatizo linakuja limekamilika. Mwalimu anakupa urefu wa boriti, mzigo, aina ya zege, na jibu moja lililo sahihi. Sasa chukua mradi mdogo ambao chama cha wanafunzi kinaumudu kabisa: kuvuna maji ya mvua katika shule ya msingi iliyo jirani na chuo. Paa la madarasa lina mita za mraba 200. Mbeya mjini hupata mvua kama milimita 900 kwa mwaka. Ukikadiria kwamba asilimia 80 ya maji hayo ndiyo yatakayofika kwenye tanki, mengine yakipotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, unapata lita 144,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo haikumalizii hata nusu saa. Mwanafunzi aliyezoea mtihani ataandika 144,000, ataipigia mstari chini, na ataona amemaliza.

Kazi ndiyo kwanza inaanza. Fedha mliyochangisha inatosha simtanki moja la lita 10,000. Shule ina watoto 400. Ukimpa kila mtoto lita moja tu kwa siku, tanki lililojaa linaisha kwa siku 25 za masomo. Nawe unajua kiangazi cha huku kwetu: mvua zikikatika mwezi wa tano, kurudi ni mwezi wa kumi na moja. Lita 144,000 ni kweli zitashuka kutoka kwenye bati, lakini zitashuka zote katika miezi ambayo mvua zipo, na tanki lenu litakuwa linafurika huku wenzio wakipiga picha. Sasa nani ataenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba mradi wenu hautamaliza shida ya maji, kwamba utampa maji ya kunawa na ya kunywa msimu wa mvua na wiki chache baada yake? Yeye alishawatangazia wazazi kwenye mkutano. Mtu wa kwenda ni kiongozi wa mradi, na maneno hayo hayamo kwenye kitabu chochote cha haidrolojia.

Ukitoka hapo, kamati ya shule inataka tanki likae karibu na jiko, na mwalimu mkuu analitaka karibu na ofisi, aone nani anafungua bomba. Fundi bati anataka malipo yote kabla ya kupanda ngazi. Wenzako waliojiandikisha kuja Jumamosi kuchanganya zege la msingi wa tanki walikuwa thelathini. Wamefika watano, na mmoja amekuja na malapa. Hawa wote huna mamlaka juu yao. Kwenye saiti ya kweli una mkataba mkononi: mkandarasi akichelewa kuna fidia ya ucheleweshaji, kibarua asipofika hakuna posho. Kwenye chama huna mkataba, huna mshahara wa kumpa mtu, huna barua ya onyo itakayomtisha yeyote. Unabaki na namna unavyosema na watu, unavyowagawia kazi zinazolingana na uwezo wao, na kama ulitimiza ulichowaahidi mara ya mwisho. Hili ndilo ninalolithamini kuliko yote katika uongozi wa chama cha wanafunzi: unaongoza watu ambao wanaweza kukuacha wakati wowote. Ukiweza kumaliza kazi na watu wa namna hiyo, saiti yenye mkataba haitakushinda.

Na baada ya tanki kusimama, nani atasafisha mfereji wa bati majani yakijaa? Nani atashika ufunguo wa bomba wakati wa likizo? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini kwa kazi utakayoifanya katika nyanda hizi ndiyo makubwa kuliko yote. Iringa, Njombe, Mbeya, kote tuna miradi ya maji ya mserereko: maji yanatoka kwenye chanzo huko mlimani na kushuka yenyewe kwa bomba hadi kijijini, bila pampu wala umeme. Ni uhandisi mzuri na rahisi kuutunza. Hata hivyo utakuta kijiji ambacho bomba lake ni zima na vituo vya kuchotea vimekauka, kwa sababu koki ya shilingi elfu chache iliharibika na hakuna aliyekuwa na jukumu la kukusanya fedha ya kununua nyingine. Ndiyo maana Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ile iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ikatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii: chombo chenye watu, akaunti, na wajibu wa kuitunza miundombinu mkandarasi akishaondoka. Mhandisi kijana anayepelekwa wilayani anajikuta muda wake mwingi unaishia kwenye chombo hicho, akieleza hesabu za mapato na matumizi kwa watu wazima wenye hasira. Aliyewahi kuendesha chama cha watu mia mbili wasiotaka kulipa ada ya uanachama anafika pale akiwa amekwisha kuonja.

Hapo ndipo tunafika kwenye uweka hazina, na kwa nini nimekutajia kabla ya uenyekiti.

Wanafunzi wengi wanaiona hazina kama nafasi ya kushika bahasha. Kwangu ndiyo darasa bora kuliko zote ndani ya chama. Mkiandaa ziara, wewe ndiye utakayetafuta bei kwa wenye Kosta watatu tofauti, kwa maandishi, na kuweka karatasi zote tatu kwenye faili hata kama mmeshaamua nani atawabeba. Wewe ndiye utakayejua kwamba michango inakuja kwa wingi siku bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likitoka na inakauka kabisa wiki tatu baadaye, kwa hiyo ratiba ya malipo lazima ifuate bumu. Utajifunza kumwambia rafiki yako wa chumba kimoja kwamba bila risiti hurudishiwi nauli. Utajifunza kwamba akaunti inataka watia saini zaidi ya mmoja, na kwamba mchango unaopita kwenye simu binafsi ya kiongozi, hata akiwa mwaminifu kama mtume, unazaa maneno. Mambo haya ndiyo yaleyale ya kusimamia mradi wa barabara: jedwali la kazi na gharama, hati ya malipo, vipimo vilivyosainiwa na pande zote mbili. Tofauti ni idadi ya sifuri tu. Kijana anayefika kazini akijua kwamba kila shilingi inayotoka lazima iwe na karatasi nyuma yake ni nadra, na msimamizi wake anamwona ndani ya mwezi wa kwanza.

Sambamba na fedha, jitolee kuandika muhtasari wa vikao hata kama katibu yupo. Kikao cha saiti kinaandikwa: nani aliagiza nini, lini ikamilike, nani analipa. Mgogoro ukija, mwajiri na mkandarasi hawagombani kwa kumbukumbu za kichwani, wanafungua muhtasari. Uandishi huo ni ufundi, na unapatikana kwa kuandika vibaya mara nyingi mahali ambapo makosa hayamfilisi mtu.

Kuhusu ziara nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa chuo kilichoko Mbeya kina bahati ambayo vyuo vingi havina. Mna reli ya TAZARA mlangoni: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande chake kigumu kuliko vyote, chenye mahandaki na madaraja makubwa, kiko kati ya Makambako na Mlimba. Mna mlima Kitonga kwa anayetaka kuona barabara inavyopambana na mteremko na malori. Na mna Kihansi, kituo cha kufua umeme kwa maji, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro.

Ningekuwa mratibu wa ziara wa chama chenu, ningeanza na Kihansi. Kituo kile kina uwezo wa megawati 180 na kinatumia maporomoko ya zaidi ya mita 800, kwa hiyo mwanafunzi wa mitambo ana turbini, wa umeme ana jenereta, wa ujenzi ana bwawa na handaki la maji. Lakini Kihansi ina somo jingine ambalo mwongozaji wa ziara asipouliza, halitajwi. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha za maporomoko zilizokuwa zikilowesha bonde zilipungua sana, na humo rasharashani aliishi chura mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ilibidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga rasharasha ya asili. Vyura wengine walichukuliwa wakatunzwa katika bustani za wanyama za Marekani, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wameisha. Baadaye kizazi cha wale waliotunzwa kilirudishwa Tanzania. Sasa fikiria wanafunzi arobaini wamesimama pale, na mwenzao aliyeandaa ziara amewapa swali la kujadili njiani wakirudi: wangekuwa wao ndio wasanifu, maji kiasi gani yangeachwa yapite kwenye maporomoko, na nani angelipia megawati zilizopotea? Gari lile halitakuwa na mtu anayesinzia. Aliyeandaa swali lile amejifunza kuliko wote, kwa sababu ilimlazimu asome jambo lote kabla ya wengine kupanda gari.

Ziara ina mitego yake. Barua ya maombi ipite kwa mlezi wa chama na kwa uongozi wa ndaki, itumwe mapema, ikitaja idadi ya wanafunzi, mwaka wao wa masomo na wanachotaka kujifunza. Barua isemayo "tunaomba kutembelea ofisi yako tukufu" bila zaidi ya hapo inakaa mezani. Kofia ngumu na viatu vya kufunika vidole viulizwe kabla, kwani kuna mahali mtageuzwa getini. Na angalia kalenda: mwanzo wa muhula wa pili unaangukia kwenye mvua, barabara za kwenda mitamboni zinateleza, na kiangazi kikianza mitihani nayo imebisha hodi. Dirisha ni dogo. Kulipata ndiyo kazi ya mratibu.

Taaluma yenyewe inayatambua mambo haya, mwambie baba mdogo hilo pia. Chama cha wahandisi ujenzi cha London, ambacho leo ni taasisi inayoheshimika duniani, kilianzishwa mwaka 1818 na vijana wachache waliokutana kwenye mgahawa wa kahawa ili wafundishane, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kufundishwa. Mhandisi mashuhuri Thomas Telford alikuja kuwa rais wao miaka miwili baadaye. Vijana ndio waliotangulia. Mkataba wa Washington wa 1989, ambao nchi kadhaa hutumia kutambuana shahada za uhandisi, unaendana na orodha ya sifa za mhitimu, na humo, pamoja na hesabu na usanifu, zimo kufanya kazi katika timu, mawasiliano, maadili, na usimamizi wa miradi na fedha. Kwetu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi haikupi usajili wa mhandisi mtaalamu siku ya mahafali. Unahitaji miaka isiyopungua 3 ya kazi inayosimamiwa, na tangu 2003 Bodi ina mpango wa kuwalea wahitimu katika kipindi hicho. Katika miaka hiyo utatakiwa uandike ripoti za ulichofanya na uzitetee mbele ya wakubwa wako. Mwenzio aliyeandika ripoti za ziara na kusimama mbele ya mkutano mkuu wa chama akiulizwa fedha ziko wapi, hataanza na mikono inayotetemeka.

Sasa gharama, maana umeomba ukweli. Uongozi unakula muda, na unaula vibaya: simu katikati ya testi, kikao kilichopangwa saa kumi kikaanza saa kumi na mbili, safari ya mjini kufuata barua iliyokuwa haijasainiwa. GPA yako ya 3.6 imeshavuka 3.5, yaani umo daraja la pili la juu, lakini umevuka kidogo. Sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, kwenye somo zito na unashuka. Ungekuwa na 2.3 ningekwambia achana na uchaguzi kabisa, rudi kwenye hesabu zako. Kwa hapo ulipo, fanya hivi: kabla ya kuchukua fomu, tazama masomo ya muhula ujao, yataje mawili yanayokutisha, na uamue tangu sasa ni jioni zipi za wiki ambazo chama hakitakugusa. Waambie wenzako jioni hizo hadharani, siku ya kampeni. Atakayekataa kukuchagua kwa sababu hiyo, asingekusaidia kazi pia. Mwaka wa nne una mradi wa kuhitimu, na mradi ule haugawani muda na kitu kingine. Ndiyo sababu nimekwambia usishike cheo mwaka huo.

Kuna pengo moja ambalo karibu kila chama cha wanafunzi kinalo, nawe ungefanya vizuri kuliziba mapema. Viongozi wanahitimu, wanaondoka na namba za simu za wahandisi waliowapokea kwenye ziara, na nywila ya barua pepe ya chama, na kumbukumbu ya nani bado anadaiwa. Waliobaki wanaanza upya, wanaandika barua kwa kampuni ileile kana kwamba haijawahi kuwapokea. Tangu wiki ya kwanza chagua mtu wa mwaka wa kwanza, mshirikishe katika kila malipo na kila barua, na wiki ya makabidhiano mpe faili huku mlezi akishuhudia na wote mkisaini. Mhandisi yeyote aliyewahi kupokea saiti nusu njia kutoka kwa mwingine, bila michoro iliyosahihishwa, atakwambia thamani ya faili hilo.

Kwa baba mdogo usimjibu kwa ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, au kama yuko mbali mpigie jioni akiwa ametulia, umsalimu vizuri, umshukuru kwa ada, kisha mwonyeshe matokeo yako ya muhula uliopita na umweleze kwamba umeacha uenyekiti mwaka huu kwa sababu ya neno lake. Mwahidi kwamba matokeo ya muhula yakitoka atayaona yeye kabla ya mtu mwingine, na kwamba yakishuka chini ya 3.5 utajiuzulu. Ahadi hiyo iwe ya kweli, maana huenda ukaitwa kuitimiza.

Na kabla ya kuchukua fomu ya uweka hazina, omba uonyeshwe daftari la fedha la mwaka jana na risiti zake. Wakikuonyesha, litazame vizuri ujue unapokea nini. Wakikwambia limepotea, chukua fomu vilevile, na ukishinda, kazi yako ya kwanza iwe kufungua daftari jipya mbele ya mlezi na kuandika salio la siku hiyo, hata kama ni sifuri.